Shahada Aliyoisomea Mteremkoni

Mwalimu Mwaisha alipotangaza kwamba anatafuta shahada, hakuna mtu Lusangwe aliyekosa la kusema. Mkuu wa shule alisema lake, mama yake alisema lake, mjomba wake naye akasema. Hata kina mama waliokuwa wakishusha ndizi kwenda gulioni Mkuyuni walitua mizigo njiani wakamuuliza kama ni kweli anataka kuwaacha. Mwenyewe alikuwa hajaamua lolote bado, isipokuwa kwamba atasoma.

Mimi nilikuwa jirani yake katika ofisi ya walimu, meza yangu ikigusana na yake. Naitwa Happiness, mtu wa Dumila. Kwetu ardhi ni tambarare, ukidondosha chungwa unaliokota palepale. Nilipopangiwa shule ya Lusangwe, juu kabisa, barabara ya gari inapokuwa imeshakoma, nililia kwa kuona watu wanalima shamba lililosimama kama ukuta. Mwaisha ndiye aliyenifundisha kushuka na ndoo ya maji bila kuanguka. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo darasa la tatu waliisikia hata walipokuwa katikati ya kelele zao. Alikuwa na cheti cha ualimu tu. Walimu vijana walikuja wakamkuta, wakafundishwa kazi na yeye, kisha wakapanda vyeo yeye akabaki alipo.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenda kukaa chuoni Morogoro mjini, aingie darasani kila siku, alale bweni au apange chumba, mpaka amalize. Ya pili ilikuwa kusoma kwa mtandao: mihadhara anaisikiliza kwenye kishikwambi, kile tulichogawiwa walimu baada ya sensa, kazi anazituma hukohuko, na mitihani anaifanyia popote alipo mradi kamera inamwona uso. Masomo ya jioni yalikuwepo pia, lakini mtu wa Lusangwe hawezi kwenda mjini jioni akarudi kufundisha asubuhi.

"Ruhusa ya masomo nitakuandikia, sikatai," Mwalimu Stephano, mkuu wetu, alimwambia mbele yangu. "Lakini darasa la tatu namwachia nani? Unajua mwenyewe huku mlimani mwalimu akiondoka inachukua muda gani kuletewa mwingine."

"Najua, Mwalimu."

"Basi soma kwa mtandao. Shahada ni ileile."

Alipotoka, nilimwambia Mwaisha asimsikilize. Dada yangu alijaribu kusoma peke yake chumbani, akaishia njiani, kwa sababu kila alipokwama hakuwa na mtu wa kumuuliza. "Nenda ukakae na wanaosoma," nilimwambia. "Ukae maktaba, mwalimu akuone uso, ukikosea akuulize kwa nini."

Mwaisha alitabasamu. Alikuwa amewahi kuwapeleka wanafunzi wetu kuona chuo kimoja pale mjini. Akanisimulia alichokiona yeye: msichana amelala kifudifudi kwenye majani, kitabu mbele yake, miguu inacheza hewani, na kwa muda wote ule walipokuwa wakipita hakuna aliyemwita. "Ndicho ninachokitaka, Happiness," alisema. "Mahali ambapo sitaitwa."

Lakini kwao aliitwa. Huku Uluguru shamba halirithiwi kwa baba, hushuka kwa upande wa mama, na Bi Zuleha, mama yake Mwaisha, alizaa wana wa kiume ambao wote walioa wakahamia kwa wake zao. Binti alikuwa huyu mmoja. Mteremko mzima ule, migomba, mihogo, magimbi bondeni, karafuu na mdalasini juu, ulikuwa wa lukolo, yaani ukoo wao, na ulikuwa unamngoja yeye.

Walimkalisha kikao Ijumaa moja baada ya sala. Niliambiwa nije kwa kuwa mimi ni rafiki, nami nilikaa pembeni nikimenya karanga. Aliyeongea ni Mjomba Yunusi, kaka yake Bi Zuleha, ambaye nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya nyumba ya dada yake. Alikuwa mzee mpole, mwenye ndevu chache, na hakuwahi kupandisha sauti.

"Mama," alimwambia Mwaisha, kwani ndivyo alivyomwita, "hakuna anayekukataza kusoma. Sisi tutajivuna. Lakini shamba likikosa mwenyewe miaka mitatu, wako wanaolitazama. Mama yako miguu yake ndiyo hiyo unaiona. Mimi leo nipo, kesho sijui. Sasa kama hiyo elimu inaweza kuja ikakukuta hapa, kwa nini wewe uifuate huko?"

"Mjomba, mtandao haufiki hapa."

"Unafika kwenye banda. Vijana wote wanapanda pale na simu zao."

Bi Zuleha alikuwa amemshika binti yake kifundo cha mkono, akawa anakipapasa kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayepima ukubwa wa bangili.

Jumatatu yake Mwaisha aliniambia kwamba amejiandikisha kusoma kwa mtandao. Nilimuuliza kama ndivyo alivyotaka. Alifungua daftari la mahudhurio akaanza kuita majina ya watoto kwa sauti, ingawa tulikuwa bado ofisini.

Banda lenyewe lilikuwa begani mwa mlima, juu ya nyumba ya mama yake. Wazee walilijenga zamani kwa ajili ya kuanikia karafuu. Lilikuwa limebaki nguzo na bati tu, lakini ukiwa pale unaona mpaka mabondeni kwenye minara ya simu, na mtandao unakuja vizuri. Mwaisha alizungushia turubai, akaweka meza, kiti na sola ndogo ya kuchajia. Kila siku baada ya vipindi alipanda pale na kukaa mpaka jua lipungue. Mimi nilikaa nyumba za walimu ng'ambo ya bonde, na kutoka kibarazani kwangu nilikuwa namwona akiwa mdogo kama punje, kainama mezani.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko nilivyotabiri. Alifaulu. Alilalamika tu kwamba hana wa kubishana naye. Wenzake wa darasani walikuwa herufi za majina kwenye kioo, na mhadhiri wake wa saikolojia ya elimu hakuwahi kuwasha kamera hata mara moja. "Nimefundishwa na mtu ambaye nikikutana naye sokoni simjui," aliniambia.

Mvua za vuli zilipoanza nilipanda kumpelekea maandazi. Nilikuta ameweka jiwe chini ya mguu mmoja wa meza. Nilipokwenda tena jiwe lilikuwa limebadilishwa, limewekwa kubwa zaidi.

"Meza inazama?" niliuliza.

"Udongo mlaini huku. Keti."

Nilikaa, lakini sikukaa kwa amani. Nyuma ya banda, kwenye majani, palikuwa na mstari. Nilidhani ni njia ya panya. Nilipoinama niliona ni ufa, mwembamba, unaopita kati ya miti ya karafuu kama uzi na kupotelea kwenye magugu pande zote mbili. Niliingiza kidole. Hewa iliyotoka humo ilikuwa ya baridi.

"Mwaisha, hiki ni nini?"

Alikuja akasimama juu yake, akakitazama kwa muda. "Kilikuwepo," alisema. Kisha, baada ya kufikiri, "Lakini hakikuwa kinafika huku."

Kuanzia hapo nilianza kuona mambo ambayo sikuwa nayaona. Migomba ya juu ya nyumba ilikuwa imeinamia upande mmoja yote, kama watu wanaosikiliza. Mlango wa Bi Zuleha ulikuwa haufungi. Alikuwa ameuchonga kwa panga mara kadhaa, na bado kila baada ya wiki chache ulikwama tena kwenye fremu. Sakafuni kwake ufa ulitoka ukutani ukaenda mpaka jikoni, naye akauziba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, akausawazisha vizuri kwa kiganja. Nilimsalimia nikamuuliza kama haogopi.

"Marahaba, mwanangu. Niogope nini? Mlima unajinyoosha. Toka mimi mtoto mlima huu unajinyoosha."

Wataalamu wawili walikuja siku moja na vifaa vyao, wakapima, wakapiga picha, wakasema watu wa mteremko ule wahame kabla ya masika. Mjomba Yunusi aliwapa viti na maji ya kunywa, kisha akawauliza wahamie wapi. Wakasema watarudi na jibu. Jibu halikuja, na mashamba yalikuwa yanataka palizi, na watu wakaendelea na palizi.

Mwaisha hakuendelea. Ninamjua, alibadilika. Alianza kupita nyuma ya banda kila siku kabla ya kuketi, akiutazama ule ufa ambao sasa uliweza kumeza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akauliza chuoni kwake kama mtu anaweza kutoka masomo ya mtandao akaingia ya darasani. Wakamjibu kwamba anaweza, akishafaulu mitihani ya muhula ule.

"Nikimaliza mtihani huu nahamia mjini," aliniambia. "Na mama namchukua. Atake asitake."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Anasema nikishamaliza kusoma ndiyo nitamhamisha. Nikamwambia mama, mimi sisemi nikimaliza kusoma, nasema nikimaliza mtihani." Alicheka, lakini macho yake yalikuwa juu kwenye kilele, kulikofunikwa na ukungu tangu asubuhi.

Masika ya mwaka ule yalikuja mapema na hayakutaka kuondoka. Mvua ilinyesha mchana, usiku ikanyesha, tukafundisha kwa kupiga kelele chini ya bati. Sabuni haikukauka, chumvi ikawa maji. Halafu, wiki ya mtihani wake, ikakatika. Jumamosi ile jua lilitoka kali, majani yakafuka mvuke, na watu wengi wakashuka Mkuyuni maana ilikuwa siku ya gulio na walikuwa wamekaa muda mrefu bila kuuza kitu. Sisi wengine tulitoa nguo za kufua.

Nilimwona Mwaisha akipanda kwenda bandani mchana, kavaa mtandio wa kijani. Alinipungia mkono kutoka ng'ambo. Mtihani ulikuwa na masharti makali: kamera iwake muda wote, uso uonekane, macho yasitoke kwenye kioo. Akiondoka mbele ya kamera, mtihani unafutwa.

Yaliyotokea bandani alinisimulia baadaye, kipande kwa kipande. Alikuwa amefika katikati ya maswali aliposikia sauti nyuma yake, sauti kama ya kanga inayochanwa, ndefu, isiyo na haraka. Kalamu yake ikabingirika ikaanguka. Aligeuka kutazama. Kioo kikatoa mlio na maandishi mekundu yakamwambia atazame mbele. Akatazama mbele. Swali lilikuwa fupi, alijua jibu lake, akaliandika.

Sauti ikaja tena, safari hii chini ya miguu yake. Mlio wa ndege uliokuwa umejaa miti ya karafuu ukawa haupo. Alisimama. Kioo kikaanza kulia tena, na aliniambia kwamba alikisikia kikilia nyuma yake muda wote alipokuwa anakimbia kuteremka.

Mama yake alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda anamenya magimbi.

"Mtihani umekwisha?" aliuliza.

"Mama, inuka. Inuka twende."

"Twende wapi?"

"Mama, inuka sasa hivi!"

Alimwinua kwa makwapa. Bi Zuleha, akiwa wima, alijinasua akageuka kuelekea mlangoni. "Nitatokaje nje kichwa wazi?" alisema. "Ngoja nichukue mtandio wangu." Mwaisha akauvua wa kwake, akauvingirisha kichwani kwa mama yake palepale, akamvuta.

Hakumshusha chini. Alimvuta ubavuni, kukata mteremko, kuelekea kwenye mwamba mkubwa ambako watoto huanika nguo. Walipita upande wa juu wa nyumba ya Mjomba Yunusi. Alikuwa kibarazani, mikono ya kanzu imekunjwa, maji ya udhu bado yanamchuruzika kwenye ndevu.

"Mjomba, toka! Mlima unakuja!"

Alitazama juu, akaelewa. Aliitikia kwa kichwa, kwa upole wake uleule. "Tangulieni, nakuja. Nawafungulia mbuzi."

Mimi nilikuwa nakamua shuka. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni ukimya. Kijito cha chini ya shule, ambacho wiki nzima kilikuwa kinanguruma, kilikuwa kimenyamaza. Niliinua macho nikaona migomba inatembea. Sina namna nyingine ya kulisema. Ilikuwa imesimama wima, na majani yake na mikungu yake, inashuka mlima pamoja, taratibu, kama msafara. Halafu banda likalala. Halafu mteremko wote ukafunguka ukawa mwekundu, na mngurumo ukanifikia kifuani kabla ya masikioni. Nilikuwa nimeshika ile shuka na napiga kelele, lakini sauti yangu sikuisikia.

Vumbi na mvuke vilipotulia, nyumba ya Bi Zuleha haikuwepo, wala ya Mjomba Yunusi, wala nyingine kadhaa ambazo, kwa bahati ya gulio, hazikuwa na watu. Juu ya mwamba palikuwa na watu wawili wamekaa. Mmoja alikuwa na kitu cha kijani kichwani.

Mjomba Yunusi alipatikana siku zilizofuata, chini sana, kijito kilipojitobolea njia mpya. Mbuzi wawili walipatikana wazima, wanakula majani pembeni ya kovu lililoachwa na mlima. Alizikwa kwenye makaburi ya msikiti, na watu waliotoka Mkuyuni, Kinole na Matombo walijaza njia. Bi Zuleha hakulia. Alikuwa amekaa na wanawake, anawaangalia wanaume wakishuka na jeneza, na midomo yake ilikuwa ikisogea kama mtu anayehesabu kitu ambacho hakitimii.

Kishikwambi kilikwenda na banda. Ujumbe wa chuo Mwaisha aliusoma kwenye simu yangu, tulipokuwa Mkuyuni kwa ajili ya kununua sanda na sukari ya msiba. Ulisema mtihani umefutwa kwa kuwa mtahiniwa aliondoka mbele ya kamera. Aliusoma, akanirudishia simu.

"Ni kweli," alisema. "Niliondoka."

Nilikasirika kuliko yeye. Nilipiga simu mpaka nikampata mama mmoja wa ofisi ya mitihani, nikamweleza. Akaomba ushahidi. Nilimtumia picha ya ule mteremko mwekundu, sikuandika neno. Baadaye akapiga mwenyewe, sauti imembadilika, akasema Mwaisha atapewa mtihani mwingine wakati wowote atakapokuwa tayari. Akauliza kama bado anataka kuhamia masomo ya darasani au ataendelea kwa mtandao.

Niliziba simu kwa mkono nikamuuliza Mwaisha. Alijibu mara moja: "Darasani."

Hakukuwa na wa kumzuia tena. Shamba lililokuwa linamngoja lilikuwa limejaa bondeni, mjomba aliyelitetea alikuwa amezikwa, na hata Mwalimu Stephano aliandika ruhusa ile bila kuinua kichwa. Siku moja tu, tukiwa tunafunga mizigo yake michache, Mwaisha aliniambia kile kilichokuwa kinamla. "Sauti ya kwanza nilipoisikia," alisema, "nilijibu swali kwanza, Happiness. Ndipo ikaja ya pili. Muda wa lile swali ungemtosha mjomba kufungua mbuzi." Nilitaka kumwambia kwamba sivyo, kwamba hakuna ajuaye, na nadhani nilimwambia. Hakunisikia.

Yeye na mama yake walipanga chumba Mafiga, pale mjini, kwa mjane mmoja anayeitwa Bernadeta, mwema sana. Mwaisha alifanya mtihani wake, akafaulu, akaanza kuingia darasani pamoja na vijana wanaomwita shangazi. Nilipowatembelea likizo alinipeleka chuoni kwake, tukakaa maktaba, akanionyesha mahali pake karibu na dirisha. Alikuwa aking'ang'ania kunieleza kuhusu mhadhiri anayebishana naye, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliona meno yake. Ila mlango wa maktaba ulipojibamiza kwa upepo, alikuwa wima kabla sijageuka, kashika mkoba wake, anatazama dari.

Bi Zuleha alikuwa anakaa uani kwa Bernadeta. Mlima unaonekana vizuri kutoka Mafiga, umesimama juu ya mji kama mtu aliyekuja kutembelea akakataa kuketi. Nilimwambia, "Shikamoo mama. Angalau hapa unauona mlima."

"Marahaba." Aliutazama bila shauku. "Huu si upande wetu."

Alikula kidogo. Alimuuliza Bernadeta maji ya bomba yanatoka wapi, na alipoambiwa yanatoka mlimani akauliza mlimani wapi. Maembe ya sokoni aliyanusa akayarudisha. Kutwa nzima alikaa na mikono yake mapajani, mikono mikubwa, yenye sugu, haina kazi, na nikaona kwamba ile mikono inamtisha Mwaisha kuliko kitu kingine chochote.

Mvua za vuli zilipokaribia, Mwaisha alirudi kutoka darasani akakuta chumba kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa, na mama hayupo. Bernadeta alidhani amekwenda kwa jirani. Simu ya Mwaisha ilinikuta gulioni Mkuyuni.

"Happiness, mama hayupo. Umemwona huko?"

"Hapana. Ngoja nipande nitazame."

Sikuhitaji kutazama sana. Nilipofika kibarazani kwangu, ng'ambo ya bonde, katikati kabisa ya lile kovu jekundu, palikuwa na moshi.

Mwaisha alikuja kesho yake, tukapanda pamoja. Bi Zuleha alikuwa amesimamisha kibanda cha fito na turubai, akawa anapanda vichipukizi vya migomba kwenye udongo uliomeza nyumba yake. Ulikuwa udongo mweusi na mwekundu uliochanganyika, laini, unaobonyea chini ya nyayo. Vichipukizi vya kwanza vilikuwa tayari vimeshika.

"Angalia rutuba hii," alituambia, akiwa ameshika tonge la udongo. "Huu umetoka chini kabisa. Haujawahi kulimwa na mtu."

Mwaisha alipiga magoti. Alimwomba, akamsihi, akalia, akamwambia atarudi kwenye masomo ya mtandao, atarudi kufundisha, wakae wote nyumba za walimu ng'ambo, ilimradi asilale pale. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," alisema. "Wewe kaa darasani. Kaka yangu amekufa, sasa wa kusimama hapa ni mimi. Ukirudi kwa ajili yangu sitakupokea."

"Mama, mlima haujamaliza."

"Najua," alisema Bi Zuleha. Ndilo jambo lililonitisha, kwamba alijua. Akainama, akachimba shimo jingine kwa panga, akaweka kichipukizi, akakanyagia.

Mwaisha alirudi mjini. Watu wengine hapa wanamlaumu, mimi simlaumu. Alisimama kwenye njia panda ya Mkuyuni muda mrefu mpaka gari la mwisho likapiga honi, na alipopanda alikaa upande usioonyesha mlima. Yuko mwaka wa mwisho sasa. Anasoma vizuri, nasikia anaongoza.

Tulipatana jambo moja. Kila asubuhi nikitoka kuosha uso nitazame ng'ambo. Nikiuona moshi wa mama, nishuke mpaka kwenye kona ya barabara ambako simu inashika, nimwandikie kwamba nimeuona. Hataingia darasani kabla ya kupata ujumbe huo. Anasema wenzake wanamshangaa, mtu mzima kasimama mlangoni ameshika simu, mhadhiri ameshaanza.

Juzi na jana ukungu ulifunika bonde lote, sikuona kitu. Jana nilipanda mwenyewe, miguu inazama mpaka kwenye vifundo. Nilimkuta amekaa ndani ya turubai anakuna nazi, mzima, amefurahi kuniona. Migomba yake imenizidi urefu. Nilimwomba aje kulala kwangu walau mpaka mvua zipungue. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Leo ukungu umeinuka kidogo. Moshi nimeuona, mwembamba, unapanda moja kwa moja. Nimeshuka kwenye kona nikamwandikia Mwaisha kwamba mama yupo, aingie darasani. Kuhusu wingu lililokuwa limelala upande wa Matombo, jeusi mpaka chini, sikumwandikia. Nilipokuwa napanda kurudi shuleni, matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga majani.